Macho Yasiyouma

Punje ya pumba ilikuwa imekaa juu ya jicho la kushoto la Enelisa Mgaya, katikati kabisa, penye mboni, na Enelisa alikuwa anaendelea kula.

Subilaga aliiona alipoinua kikombe cha chai. Mwanzo alidhani ni kivuli cha dirisha. Upepo wa Makambako ulikuwa umeanza tangu asubuhi, ukipitia mashine ya kukoboa iliyo jirani na kantini na kumwaga pumba kila mahali, kwenye meza, kwenye nywele, kwenye mboga. Akasubiri Enelisa apepese. Enelisa hakupepesa. Alikuwa anasimulia habari za shemeji yake wa Ilembula aliyemposa mwanamke kwa simu akakosea namba, huku anamega ugali, anachovya, anacheka, na ile pumba imetulia palepale kama imebandikwa kwa gundi.

"Dada Enelisa," Subilaga alisema taratibu, "jicho halikuwashi?"

"Lipi?"

"La kushoto. Kuna kitu ndani."

Enelisa akapeleka kidole. Hakukipeleka kwenye kope. Alikipeleka kwenye jicho lenyewe, akaipangusa ile pumba kama mtu anayepangusa vumbi mezani, akaitazama kidoleni, akaangua kicheko.

"Tulizo zako hizi, Sista! Leo hata ukinimwagia pilipili nitakutazama tu."

Meza nzima ikacheka. Subilaga naye akacheka, maana wote walikuwa wanacheka, lakini ile chai hakuimaliza.

*

Kabla ya kuja kwenye kampuni ya malori ya Njiapana, Subilaga Mwakatumbula alikuwa muuguzi wa macho kwa miaka tisa, na ndiyo sababu ukumbi mzima ulimwita Sista ingawa kwenye mlango wa ofisi yake paliandikwa Afisa Ustawi wa Wafanyakazi.

Kazi ya ukumbi ule ilikuwa kutazama. Malori ya Njiapana yalijiendesha yenyewe, lakini sheria ilitaka kila lori liwe na jicho la mtu juu yake, kwa sababu mashine ilikuwa haijaweza kuamua vizuri mbele ya ng'ombe aliyelala barabarani, au daraja lililofunikwa na maji, au watoto wanaovuka huku wanafukuzana. Waangalizi arobaini waliketi mbele ya skrini, na skrini ziliyafuata macho yao. Mwangalizi akiondoka bila kupokelewa, malori yake yalihesabu nusu dakika, yakasogea pembeni, yakazima. Hayakuwaka tena mpaka yapate jicho jingine lililosajiliwa.

Subilaga alipofika, macho ya watu wale yalikuwa mekundu kama ya wavuta moshi wa kuni mbichi. Walipumzika robo saa katika kila saa na bado walilalamika. Wengine walitoka kazini wakiona barabara mbilimbili, na dada mmoja alikuwa akitapika kila Ijumaa kwa kichwa kuuma. Subilaga akahangaika huku na huku, akabadilisha taa, akainua viti, akagawa matone. Kisha akasikia habari za tulizo.

Tulizo ni ngozi nyembamba kuliko ile ya ndani ya yai. Inavikwa juu ya jicho, inakaa miezi mitatu, kisha inabadilishwa kwa nyingine papo hapo. Ndani yake mna vihisio visivyoonekana. Mshipa wa jicho ukianza tu kulalamika, kwa ukavu, kwa mwanga au kwa uchovu, tulizo inaachia chembe ya dawa na mshipa unanyamaza. Kisha inatuma alama kwenye ubao mkubwa mlangoni mwa ukumbi: raha ya macho, kati ya sifuri na mia.

Yeye ndiye aliyeandika barua kwa uongozi. Yeye ndiye aliyemvika kila mmoja, jicho la kulia kisha la kushoto, kwa mikono yake. Siku ile ubao ulisoma hamsini na nane. Wiki iliyofuata ulisoma tisini na saba, na watu walimkumbatia kwenye korido.

Baada ya hapo mambo yalikwenda polepole, kiasi kwamba huwezi kuonyesha siku yalipoharibika. Mtu aliyetazama malori sita akapewa tisa, kisha kumi na manne. Mapumziko ya kila saa yakawa ya kila saa mbili, mwisho yakabaki ya chakula cha mchana tu. Hakuna aliyelazimishwa. Kila badiliko lilipita kwenye kikao, katika kila kikao Subilaga alikuwepo, na kila mara swali lilikuwa moja: kuna anayelalamika?

Hakukuwa na anayelalamika. Ubao ulisema tisini na saba.

*

Alasiri ile alimwita Enelisa chumba cha uchunguzi, akamlaza kitini na kuinyonya tulizo ya jicho la kushoto kwa kipira. Akadondoshea ile dawa ya manjano inayong'aa kijani mahali palipochubuka. Akazima taa ya dari na kuwasha ya bluu.

Katika miaka yake tisa hospitalini alikuwa ameona vidoa, mikwaruzo, na jicho la mchomeleaji lililotawanyika nukta kama nyota. Hili halikuwa na nukta. Jicho zima liliwaka kijani, ukingo hadi ukingo. Kioo cha mbele kilikuwa kimechubuka chote, na pembeni, upande wa pua, palikuwa na kovu jeupe lenye ukubwa wa punje ya mtama.

"Umeona nini?" Enelisa aliuliza. "Niambie."

"Subiri kidogo, dada."

"Sista, kuna ubaya?"

Dawa iliyobaki ndani ya jicho iliisha baada ya dakika nne. Enelisa alikuwa anasema neno, na neno lenyewe likageuka yowe. Alijikunja kitini, akakamata uso kwa mikono miwili, na Subilaga akalazimika kumlalia kifuani ili asijichimbe jicho kwa kucha.

"Nirudishie! Sista, nirudishie! Nakuomba, mwanangu, nirudishie!"

Tulizo ilikuwa pale kwenye kisahani, imejikunja kama ganda la kitunguu. Ingemchukua sekunde tano kuirudisha na yowe lingekatika. Subilaga aliitazama muda mrefu kuliko alivyopenda kukumbuka baadaye. Kisha akaimwaga sinkini.

Alimchoma sindano ya maumivu, akatoa tulizo ya pili, akamfunga macho yote mawili. Kabla ya saa za kazi kuisha aliita wengine watatu mmoja mmoja, na wote watatu walikuwa vilevile. Afadhali kidogo wa mwisho, Ngailo, kijana wa miaka thelathini kutoka Wanging'ombe aliyekuwa na miezi minane tu kazini. Kwake alitoa tulizo moja haraka, akaona kijani kikianzia pembeni, na kwa woga wa kusikia yowe jingine akaivika nyingine mpya kabla dawa haijaisha. Hilo nalo alilifanya.

"Kuna tatizo?" Ngailo aliuliza, huku anatabasamu.

"Tunasafisha tu," Subilaga akajibu.

*

Mkurugenzi Fanuel Kihwele aliendesha malori ya kweli miaka ishirini kabla ya haya yanayojiendesha, na mgongo wake ulikuwa bado unamdai. Alimsikiliza Subilaga amesimama, ameegemea kabati. Hakubisha na wala hakuuliza kama ana uhakika. Subilaga alipomaliza, mzee alisogea hadi kwenye ramani iliyowaka ukutani.

"Unaona hizi nukta za bluu?"

"Naziona, Mzee."

"Mitungi ya oksijeni. Reli imekatika tangu mvua ya wiki iliyopita. Homa ya mapafu imeshika wilaya zote za kando ya ziwa. Hospitali kule zinahesabu mitungi asubuhi na jioni." Akamgeukia. "Ukiingia ukumbini sasa hivi ukasema ulichoniambia, wote watasimama. Mimi ningesimama. Na hizi zote zitazima."

"Wanaharibikiwa, Mzee. Kila saa wanayokaa pale."

"Nimekuelewa. Ndiyo maana sikwambii usubiri." Akavuta kiti na kuketi kwa shida. "Kituo chetu cha kaskazini kinaweza kupokea malori ya watu wengine wanane kila siku. Toa wanane kesho. Wanane keshokutwa. Siku tano, wote wametoka na hakuna lori lililosimama. Waambie tunasafisha tulizo."

Lilikuwa ndilo neno lake mwenyewe, alilolisema nusu saa iliyopita, na kulisikia kinywani mwa mtu mwingine kulimchoma.

"Na wale wa siku ya tano?"

"Miaka miwili wamekaa nazo. Wewe ndiye muuguzi. Niambie siku nne ni kitu gani."

"Kwa wengi si kitu. Kwa watatu au wanne ndiyo jicho lenyewe."

"Kina nani? Anza nao."

"Siwezi kujua mpaka nitoe. Kumpima mtu vizuri ni kumtoa kazini."

Kihwele alifumba macho, akayasugua kwa kidole gumba na cha shahada, polepole, kama mtu ambaye macho yake bado yanamwambia yanapochoka.

"Basi kisia," alisema. "Kisia vizuri."

Na Subilaga akakubali. Alikwenda kwake na orodha ya majina, akayapanga na kuyapangua. Mwenye kisukari akapanda juu. Mwenye miezi michache akashuka chini. Ngailo alimweka siku ya tano.

*

Kesho yake, kufikia saa sita mchana, wanane wa kwanza walikuwa wamelala kwenye magodoro katika chumba cha mikutano, mapazia yameshushwa, macho yamefungwa. Wengine walilia bila sauti. Mmoja alikuwa akirudia jina la mama yake. Enelisa, ambaye sindano zilikuwa zimemtuliza kidogo, aliketi ameegemea ukuta na kuinua uso aliposikia hatua.

"Sista?"

"Mimi, dada."

"Wenzangu kule ukumbini wanajua?"

"Watajua."

"Lini?"

Subilaga akajifanya anakagua bandeji.

"Nimekuuliza lini."

"Ijumaa. Wote watakuwa wametoka ifikapo Ijumaa. Ni kwa sababu ya oksijeni, dada, malori yakisimama…"

"Oksijeni naijua. Nimeitazama wiki nzima." Enelisa alipapasa mpaka akaupata mkono wa Subilaga, akaushika kwa nguvu. "Mimi labda ningebaki. Labda ningesema, haya, jicho moja liende, watu wapumue. Sijui. Lakini hukuniuliza. Miaka miwili hakuna aliyeniuliza, ubao ulinijibia. Leo wewe tena unawajibia?"

Subilaga akauchomoa mkono wake taratibu. Alitoka, na mlangoni akakutana na Ngailo aliyekuwa akielekea kula, mikono mfukoni.

"Sista, usafi gani huu?" aliuliza. Safari hii hakutabasamu. "Watu wanaingia kwako wanatembea, wanatoka wameshikwa mkono."

Jibu lilikuwa tayari ulimini, limekwisha kunolewa. Angelitamka tu na Ngailo angekwenda zake kula.

"Rudi ukumbini," Subilaga alisema. "Nakuja kuwaambia wote."

*

Aliwaambia amesimama chini ya ule ubao. Hakupamba. Alieleza kwamba tulizo hazikuponya chochote, zilinyamazisha tu. Kwamba macho yao yalikuwa yamechubuka na mengine yalishaanza kupata kovu. Kwamba aliyewavika ni yeye. Akaeleza kuhusu nukta za bluu. Akasema atakayetoka sasa hatalaumiwa, na atakayebaki kidogo hatalaumiwa, ila kila mmoja aamue akijua.

Kwanza hakuna aliyesogea. Watu walikuwa bado wanatazama skrini, kwa mazoea. Kisha mwanamke wa safu ya mbele akaanza kujigusa jicho, akiligonga kwa ncha ya kidole, tena na tena, akitafuta maumivu. Alipoyakosa alipiga ukelele ambao Subilaga hakuwahi kuusikia hospitalini.

Viti vikaburuzwa. Watu wakasimama, wakasukumana kuelekea chumba cha uchunguzi. Mwanamume mmoja alimtemea mate Subilaga miguuni na kupita. Kwenye ramani nukta zikaanza kugeuka nyekundu, moja, tatu, kumi, kisha zikawa haziwezi kuhesabika.

Ngailo alikuwa amesimama nyuma ya kiti chake, mkono mmoja juu ya meza. Kwenye skrini yake malori kumi na manne yalikuwa yanakwenda, na moja lilikuwa la bluu.

"Mke wangu anajifungua mwezi ujao," alisema bila kumtazama. "Nataka nimwone mtoto, Sista."

Subilaga alijua kilichokuwa ndani ya lile lori. Alijua pia kwamba jicho la Ngailo lilikuwa na nafuu kuliko mengi, kwamba saa mbili zaidi pengine zisingemdhuru. Angeweza kusema. Lakini alikuwa amekwisha kukisia vya kutosha kwa macho ya watu wengine.

"Nenda," alisema.

Walibaki kumi na mmoja. Hakuna aliyewaomba. Na kwa kuwa tulizo zilikuwa zimewaondolea hata ile hamu ya kupepesa, Subilaga alianza kupita kati ya viti akiwakumbusha mmoja mmoja, fumba, fumbua, lakini watu kumi na mmoja ni wengi kwa mtu mmoja. Ndipo mlango ulipofunguliwa. Enelisa aliingia akipapasa ukuta, bandeji usoni, na nyuma yake wenzake wanne wameshikana mabega. Walitafuta viti kwa mikono na kuketi, kila mmoja kando ya mtu anayetazama.

"Ni nani hapa?" Enelisa aliuliza.

"Mimi, dada. Tulalumba."

"Haya. Fumba."

Kihwele aliteremka kutoka ofisini, akaketi kwenye kiti cha Ngailo na miwani yake ya kusomea. Skrini ilimkataa. Jicho lisilosajiliwa, ilisema. Alikaa pale akiandika namba zake ili asajiliwe, akikosea, akipiga simu kituo cha kaskazini, akirudia upya, huku shati limemlowa mgongoni, na lile lori la bluu limesimama pembeni mwa barabara ya vumbi, kilomita arobaini kutoka lilikokuwa linakwenda. Ilipomkubali zilikuwa zimepita saa mbili kasoro dakika tano.

*

Ujumbe wa hospitali ulifika siku ya tatu mchana. Kihwele alimpa Subilaga ausome mwenyewe, kisha akageukia dirishani.

Daktari aliandika kwa ufupi. Mitungi ya akiba iliisha saa saba na robo. Lori liliingia saa tisa na dakika kumi. Katikati hapo mgonjwa mmoja alifariki. Hali yake ilikuwa mbaya tangu asubuhi, na daktari hakuwa tayari kusema kwamba angepona wala kwamba asingepona. Wengine wote waliendelea vizuri. Alishukuru kwa ushirikiano.

"Kumi na moja kati ya malori kumi na mawili ya bluu yalifika kwa wakati," Kihwele alisema. "Wale waliobaki ndio waliyafikisha."

"Na hili la kumi na mbili ni la Ngailo."

"La Ngailo."

Upepo ulikuwa unapiga bati. Mzee hakugeuka.

"Mimi sikusudii kumwambia," alisema. "Ana mtoto njiani. Alifanya alichoambiwa ana haki ya kukifanya. Lakini ni wewe uliyesema watu waamue wakijua, kwa hiyo sikuzuii."

Subilaga alikaa na karatasi ile mapajani. Juzi, alipokuwa amesimama chini ya ubao, ukweli ulikuwa kitu chepesi; uliwahusu yeye na makosa yake, na kuutoa kulikuwa kama kutua mzigo. Huu ulikuwa wa kumtwisha mwingine. Alijiambia kwamba daktari mwenyewe hana hakika. Alijiambia asubiri mtoto azaliwe. Alijiambia mambo mengi yenye busara, na yote aliyatambua: yalifanana na yale aliyojiambia alipopanga ile orodha ya majina.

Ngailo alikuwa godoro la mwisho karibu na pazia, bandeji mpya, redio ndogo kifuani imezimwa.

"Sista, naitambua miguu yako sasa," alisema. "Unakwenda kama mtu aliyesahau kitu. Vipi kule? Nilikuwa na bluu moja. Ilifika?"

Subilaga akaketi sakafuni.

"Ilifika. Ilichelewa saa mbili."

"Wakawahi?"

"Mtu mmoja alifariki lori likiwa limesimama." Akaikunja ile karatasi. "Daktari anasema huenda hata…"

"Usiniambie huenda."

Watu wa magodoro ya jirani waligeuza vichwa. Ngailo akainua mkono kama anayetaka kufuta machozi, akakumbuka bandeji, akaushusha.

"Ulijua nilichokuwa nimebeba."

"Nilijua."

"Na ukaniambia nenda."

"Nilikuambia nenda."

Subilaga alingoja matusi, na angeyapokea. Alingoja pia, kwa siri ambayo aliionea aibu, aambiwe kwamba alifanya vyema kumweleza. Havikuja vyote viwili.

"Alikuwa anaitwa nani?" Ngailo aliuliza.

Subilaga akaifungua ile karatasi na kuisoma upya toka juu mpaka chini, ingawa alikwisha kuisoma mara nne. Palikuwa na saa, namba ya mitungi, sahihi na muhuri.

"Halijaandikwa," alisema. "Na mimi sikuuliza."

"Kaulize."

Akainuka. Alitembea korido nzima mpaka kwenye simu ya ofisi yake, akafunga mlango, akapiga ile namba iliyokuwa chini ya muhuri. Simu iliita muda mrefu. Sauti ya kike iliyochoka ilipopokea na kusema haloo, na kusema tena haloo, Subilaga alikuwa bado amesimama, kalamu mkononi, anatafuta namna ya kuanza.